Uzi Mwekundu Nyuma ya Dashibodi

Baba yangu ni fundi umeme wa magari, na mtaani hakuna anayemwita kwa jina lake. Wanamwita Fundi Uzi. Kila anapounganisha waya husokota shaba, huzungushia utepe mweusi, halafu juu ya utepe hufunga uzi mwekundu wa kushonea, mafundo mawili. Alifundishwa hivyo na fundi aliyemlea kazini, kwamba mtu asiyeacha alama kwenye kazi yake ana jambo analoliogopa. Basi ukifungua gari lolote la zamani hapa mtaani, ukachungulia nyuma ya redio, utauona ule uzi umekaa kama utepe kwenye nywele za mtoto.

Karakana yake ni banda la mabati lililoegemea ukuta wa jiko letu. Mama akikaanga vitunguu, baba hupiga chafya chini ya boneti. Nyaya zimening'inia kwenye misumari kwa rangi zake, fyuzi zinakaa kwenye kopo la maziwa ya unga, na wateja hukalia kiti cha basi ambacho hakuna anayejua kilifikaje hapo. Mimi hufanyia kazi zangu za shule kwenye dirisha la jiko, kwa hiyo nasikia kila kitu. Sitegi sikio. Ni dirisha tu ndilo liko pale.

Taa ikiwaka kwenye dashibodi, baba hashiki bisibisi kwanza. Huuliza. Iliwaka lini? Ulikuwa unapinda au umenyooka? Mvua ilikuwa imenyesha? Umewasha taa kubwa? Nani alikuwa amekaa mbele? Mteja mmoja aliwahi kumwambia, "Fundi, unapima gari au unapeleleza ndoa?" Baba akajibu kwamba ndoa ni rahisi zaidi, nyaya zake zinaonekana.

Mwaka jana mama mkubwa, yaani dada yake mama, alitaka kununua gari. Yeye anaoka mikate. Kwa miaka mingi alikuwa akiisambaza madukani kwa kukodi vyombo vya usafiri vya watu, na vyombo vya watu vina mambo ya watu. Akapata gari jeupe, weupe wa maziwa yaliyoanza kuchacha, limenizidi umri kwa miaka minane. Kabla hajalichukua alimletea baba alikague. Baba akazungusha ufunguo. Taa zote za dashibodi zikawaka, akaziangalia moja moja. Akawasha injini, zote zikazima kwa pamoja. Akapima betri, akapima fyuzi, akasema, "Shemeji, umeme wake hauna neno. Injini muulize Grisi." Grisi ni fundi injini wa ng'ambo ya barabara, na siku hiyo alikuwa msibani. Mama mkubwa akasema, "Wewe ukisema ndiyo, mimi nimetosheka," akalinunua.

Akang'oa viti vya nyuma, akatengeneza rafu za trei, na gari likaanza kunukia mkate mpaka kwenye mikanda. Muhula huu akapata oda kubwa: kupeleka mikate chuo cha wauguzi kila siku kabla ya saa moja asubuhi. Mpishi mkuu wa pale alimwambia wazi. Ukichelewa mara moja, tunaandika. Mara ya pili, tunatafuta mwingine.

Ndipo Jumamosi moja akaingia uani kwetu akipiga honi.

"Shemeji! Njoo uone gari lako linavyonikonyeza."

"Linakukonyezaje?"

"Macho mawili kwa pamoja. Hata mlevi hukonyeza moja."

Baba akacheka, akaingia, akakaa. Injini ikinguruma, taa mbili zilikuwa zikiwaka na kuzima: ile ya betri, kisanduku chenye jumlisha na kutoa, na ile ya oili, inayofanana na birika linalodondosha tone. Zikiwaka zinawaka pamoja, zikizima zinazima pamoja, kama mapacha walionunuliwa nguo za aina moja. Baba akachomoa kijiti cha oili, akakifuta, akakirudisha, akakichomoa tena. Oili ilikuwapo, nyeusi lakini ya kutosha. Akasimama akijikuna kidevu kwa kijiti, akajipaka oili bila kujua.

Nikauliza kutoka dirishani gari lina nini.

"Hawa wawili hawana undugu," akasema. "Taa ya betri inapewa habari na oltaneta, ile inayochaji. Ya oili inapewa habari na swichi iliyo ubavuni mwa injini. Kila mmoja na waya wake, kila mmoja na mwalimu wake. Wakianza kucheka kwa pamoja, ujue kuna mtu kawaambia neno moja."

Akafungua oltaneta. Ndani yake kuna vipande viwili vya kaboni vinavyosugua wakati inazunguka, na vyake vilikuwa vimelika hadi kubaki kama punje za mahindi. Akaweka vipya, akafunga, akawasha. Taa zote mbili zikazima, zikatulia kabisa.

"Ndiyo maana namwambia dada yangu alijua kuchagua," mama mkubwa akasema akishangilia. "Sisi wengine tuliolewa na wenye maneno."

"Hata huyu anayo," mama akajibu kutoka jikoni. "Umemkuta tu amenyamaza."

Lakini baba hakumrudishia ufunguo. Alisimama akiitazama dashibodi iliyozima kama anayetazama mtu aliyeitikia upesi mno. Ningekuwa mimi ningeshafunga boneti. Kilichoharibika kimepatikana, kimebadilishwa, taa zimezima, basi. Kwenye somo la fizikia ungepata alama zote.

"Nipe saa moja, shemeji."

"Unga wangu unaumuka, nakuomba iwe saa moja ya kweli."

Alichofanya baadaye alinieleza, na nikakielewa kwa sababu tulikuwa tumesoma saketi ya balbu na betri. Aliiacha injini iwake, akauchomoa ule waya kwenye swichi ya oili, akaugusisha kwenye chuma cha gari. Ukifanya hivyo, umeme unapata njia ya kurudi, na taa ya oili lazima iwake, iwe oili ipo au haipo. Haikuwaka. Akausugua waya kwa msasa, akaugusisha tena. Haikuwaka. Yaani swichi ya oili ilikuwa ikiongea na mtu ambaye simu yake imekatwa.

Akalala chali sakafuni mwa gari, kichwa chini ya usukani, miguu nje ya mlango, akaanza kuufuata ule waya kwa vidole. Makombo ya mkate yalikuwa yakimdondokea usoni, na alikuwa akiyapuliza na kulalamika. Baba akifanya kazi amelala hivyo, mguu wake wa kulia hautulii, hupiga ngoma hewani. Nilijua kuna jambo mguu uliposimama.

Ulisimama muda mrefu. Makombo nayo hakuyapuliza tena.

Alipotoka, alitia kitu kwenye mfuko wa shati, akanawa mikono kwa sabuni mara mbili. Akamwambia mama mkubwa aende na gari kwa upole, alirudishe kesho akimaliza kusambaza. Mama mkubwa akauliza kuna nini. Baba akasema, "Kuna waya nataka kuuona vizuri." Haukuwa uongo.

Tulipokaa mezani kula alikitoa kile kitu, akakiweka karibu na chumvi. Kipande cha uzi mwekundu, kimefifia, mafundo mawili.

"Wa nani?" mama akauliza, ingawa alijua.

"Wangu."

Akatueleza. Miaka minne iliyopita alikuja mtu mwenye viatu vinavyong'aa, na gari la kijani. Alikuwa analiuza, mnunuzi yuko njiani, na taa ya oili ilikuwa haitaki kuzima. Baba alijiambia ni swichi tu imezeeka. Hakupima. Akaukata waya wa taa ya oili, akauunganisha kwenye waya wa taa ya betri, basi. Ukizungusha ufunguo taa ya oili inawaka, kwa sababu ya betri imewaka. Injini ikishika inazima, kwa sababu ya betri imezima. Mnunuzi akiangalia anaona taa nzima, yenye akili zake. Kazi ya dakika kumi. Gari likaondoka, likapita kwa watu, likapakwa rangi nyeupe, na mwaka jana likarudi uani kwetu, naye akalikagua, akazungusha ufunguo, akaziona taa zikiwaka na kuzima vizuri. Akasema umeme wake hauna neno.

Mama aliacha kutafuna. "Na ukafunga uzi?"

"Mkono ulizoea."

"Wezi wote duniani wanafuta alama za vidole, wewe unafunga utepe kama zawadi!" Akacheka peke yake, kicheko kikakatika katikati, akamtazama. "Dada yangu, lakini."

"Najua."

Nikauliza, je, injini ilikuwa mgonjwa tangu siku ile, au iliugua baadaye kwa sababu hakukuwa na taa ya kumwonya mtu?

"Sijui," baba akasema.

"Tunaweza kujua?"

"Hapana."

Sikuwahi kumsikia akisema maneno hayo mawili kwa kufuatana. Kawaida "sijui" yake hufuatwa na "ngoja kwanza".

Kesho yake Jumapili, aliurudisha ule waya mahali pake. Injini ikawashwa ikiwa baridi, taa ya oili ikazima kama inavyotakiwa, na nikamwona baba akishusha pumzi. Akaiacha ingurume. Mama mkubwa alikaa kwenye kiti cha basi akinywa chai na kusimulia habari za mpishi mkuu, jinsi anavyobonyeza mikate kwa kidole kama daktari. Injini ilipopata moto, kile kibirika kikawaka. Chenyewe, bila pacha wake. Baba akakanyaga mafuta kidogo, kikazima. Akaachia, kikawaka.

Grisi akavuka barabara na geji yake ya kupimia nguvu ya oili, akaifunga pale penye swichi. Mshale ukapanda kidogo, ukalala. Akachukua bisibisi ndefu, akaweka ncha kwenye injini na mpini sikioni, akafumba macho.

"Beringi za ndani zimekwisha," akasema. "Hii injini inatembea kwa huruma."

"Itatembea mpaka lini?" baba akauliza.

"Wiki. Mwezi. Mimi si mganga."

"Ukiishusha uitengeneze?"

"Wiki tatu, na hapo vipuri viwe vimepatikana."

Mama mkubwa alikuwa amesimama na kikombe. "Ngojeni kwanza. Shemeji, nimekuletea gari lenye taa mbili za wasiwasi, ukazizima zote. Sasa umeniwashia moja ya kudumu?"

Grisi aliona nyuso, akakumbuka ana kazi kwake.

Baba akautoa uzi mfukoni, akauweka juu ya boneti. Nilidhani ataanza mbali, kama afanyavyo na wateja, aeleze swichi na waya. Hakuanza mbali. Alisema yote kwa sentensi tatu nne, akitazama uzi.

Mama mkubwa aliuokota, akauzungusha kwenye kidole. "Wewe ndiye uliyeniambia umeme wake hauna neno."

"Nilidanganyika, shemeji."

"Ulidanganywa na nani?"

 Nilitamani mama atokee na mzaha wake, lakini mama alikuwa mlangoni na mwiko mkononi, hatikisiki.

"Basi sawa," mama mkubwa akasema, na sauti ilikuwa ya mtu anayepanga kazi. "Izime tena."

"Nini?"

"Hiyo taa. Irudishe ulivyokuwa umeiweka. Sitaki kuiona. Nikiwa naendesha na lile birika jekundu linanitazama, nitagonga mtu. Nimalize muhula huu tu, likizo tutalishusha."

"Kuizima hakuiponyi injini."

"Kwani kuiwasha kunaiponya?"

Jibu la hilo nimelitafuta hadi leo.

"Siwezi, shemeji," baba akasema.

"Uliweza kwa mtu usiyemjua hata jina. Mgeni ulimzimia. Mimi wa nyumbani ndiyo unashindwa?"

Baba alisimama mikono imemning'inia. Koleo ilikuwa pale pale, kwenye kiti cha dereva. Kama ni waya, angeufikia akiwa amefumba macho. Akasema atamtafutia gari la kuazima kwa wiki tatu. Akapiga simu nne mbele yetu. Wa kwanza gari lake liko safari, wa pili ameliuza, wa tatu alicheka, wa nne hakupokea. Pikapu ya Grisi iko juu ya mawe tangu nikiwa darasa la sita. Mama mkubwa alizisikiliza simu zote nne mpaka mwisho, akarudisha kikombe kwa mama, akawasha gari, akaondoka na taa yake ikiwaka. Uzi aliondoka nao kidoleni.

Jumatano alisimama langoni kutuachia mkate wetu, kama kila asubuhi anapoelekea chuoni. Baba akainama dirishani. Injini ilikuwa ya moto, inanguruma taratibu, na dashibodi ilikuwa safi, haina hata nukta.

"Imezima," baba akasema.

"Imezima. Mafundi wako wengi, shemeji. Dakika kumi."

 Baba alifungua boneti, akachomoa kijiti, akaongeza oili nzito kidogo, akafunga. Tangu siku hiyo ikawa ndiyo salamu yao. Kila saa kumi na mbili na nusu asubuhi yeye yuko langoni na chupa ya oili. "Shemeji." "Shemeji." Boneti juu, boneti chini, mkate mmoja unapita dirishani, basi. Kitu kingine cha kumsaidia hakuwa nacho, na wote wawili walilijua hilo.

Nasi ndani tulijifunza kusikiliza. Mwanzoni mlio wa injini ulikuwa kama mgeni mpole anayebisha hodi: ko, ko, ko. Baba aliusikia gari likiwa bado kwenye kona, kikombe kinasimama katikati ya meza na mdomo. Wiki ya pili mgeni akaacha upole. Mama alianza kufungulia redio asubuhi, kwa sauti kubwa, na baba alikuwa akiizima bila kusema kitu. Mdogo wangu akauliza kwa nini gari la mama mkubwa linakohoa, na hakuna aliyemwambia magari hayakohoi.

Liligoma Jumanne, kwenye kilima kidogo kabla ya chuo. Nilikuwa naenda shule kwa miguu. Nililisikia kabla sijaliona, mlio kama mtu ameangusha sufuria ndani ya sufuria, kisha kimya. Nilipofika mama mkubwa alikuwa amekaa kwenye usukani, mikono yote miwili juu yake, kama bado anaendesha. Nikampigia baba simu kwa simu ya mama mkubwa. Alikuja kwa baiskeli ya Grisi, bado ana chupa ya oili kwenye kikapu.

Hakufungua boneti. Alifungua mlango wa nyuma, akatoa trei ya kwanza.

Trei zilikuwa kumi na moja. Mimi nilibeba mbili ndogo, wao wakabeba nyingine kwa mizunguko, kupanda kile kilima na kushuka. Katikati ya kilima mama mkubwa alimwambia, "Usiiname shemeji, itateleza," naye akajinyoosha. Jasho lilimtoka baba hadi kwenye nyusi na hakuwa na mkono wa kulifuta. Mpishi mkuu alitazama saa, akabonyeza mkate mmoja kwa kidole, akachukua daftari, akaandika. Hakuwa mkali. Alisema, "Mama, hii ni ya kwanza," kwa sauti ya kumwonea huruma, nami ningependelea angefoka.

Jioni gari lilisukumwa hadi uani kwetu. Bado lilikuwa linanukia mkate. Mama mkubwa alikuja baada ya kukanda unga, mikono yake ina weupe hadi viwikoni. Nilimuuliza mama kwa kunong'ona kesho mikate itaendaje, mama akaninyooshea kidole nikamalize kazi za shule. Pale dirishani nilimsikia baba akiongea kwa simu na mtu wa mkokoteni, halafu na mwingine, na majibu yake yalikuwa "sawa, asante, sawa."

Mama mkubwa akaingia kwenye kiti cha dereva. Baba akakaa upande wa abiria, mlango wazi, mguu mmoja nje. Mama mkubwa akazungusha ufunguo nusu tu, usifike mahali pa kuwashia. Taa mbili zikawaka kwa pamoja, kisanduku na birika.

"Ipi hapo inasema kweli?" akauliza.

"Ya betri."

"Hii nyingine?"

"Inamfuata tu mwenzake."

Mama mkubwa akatikisa kichwa. Niliuona ule uzi, alikuwa ameufunga kwenye pete ya funguo, unaning'inia chini ya usukani. Baba naye aliuona. Hakuna aliyenyoosha mkono kuuzungusha ufunguo nyuma. Walikaa wakizitazama zile taa, nyekundu mbili, zikawa za rangi ya machungwa, zikawa hafifu, mpaka betri ikachoka na dashibodi ikawa nyeusi yote.